Kioo cha jiko la kuni hakihitaji dawa kali

Wengi wanaamini kwamba kioo cha mlango wa jiko la kuni kikishakuwa cheusi, hakitakati mpaka kipakwe dawa kali au kisuguliwe kwa waya wa masufuria. Si kweli, na huo waya ndio unaokiharibu: unaacha mikwaruzo, masizi yananasa humo, na safari ijayo kazi inakuwa ngumu zaidi.

Dawa imo ndani ya jiko lenyewe. Subiri moto uzimike na kioo kipoe kabisa. Kunja kipande cha gazeti, kiloweshe, kikamue kidogo, kisha kichovye kwenye jivu jeupe, lile laini kama unga. Chagua vizuri, maana hata punje moja ya mchanga hukwaruza. Sugua taratibu kwa kuzungusha mkono. Utaona uji wa kijivu ukigeuka kahawia, halafu mweusi. Hapo uchafu umeshang'oka. Futa kwa kitambaa chenye maji, kausha. Jivu la kuni lina kabonati ya potasiamu, ambayo ikipata maji hulainisha lami ya moshi iliyogandia kioo. (Vaa glavu, kwani uji huo huwasha ngozi.)

Lakini kioo kikiwa cheusi kila siku, kagua kuni. Zenye unyevu unaozidi asilimia 20 hutoa moshi mzito, na ukibana sana tundu la hewa, moto hufuka badala ya kuwaka. Kuni kavu zikipata hewa ya kutosha, masizi mengi huungua yenyewe kabla hujagusa gazeti.