Eti Mwili Ushazoea Kukesha

"Mwalimu, mimi nishazoea." Nimeambiwa hivyo tena wiki hii, na kijana mwenye macho mekundu aliyetoka zamu ya usiku hotelini hapa Malindi, kahawa mkononi, anataka turuke saa moja asubuhi kabla upepo haujachangamka. Haraka yake naielewa. Urubani ni ghali, kazi ndiyo inayolipia saa za ndege, na mtihani wa nadharia haumsubiri mtu. Lakini hilo la kuzoea, jamani, limenichosha.

Masomo yenyewe nayapitia mbio. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa leseni ya rubani binafsi ni saa 40 angani kwa uchache, na wengi huzipita. Sheria za anga, hali ya hewa, navigesheni: soma kidogo kidogo kila siku, usilundike. Afadhali uruke mara moja kila wiki kuliko kufululiza zote mwisho wa mwezi, maana mkono husahau. Basi.

Sasa usingizi. Mwaka 2003 mtafiti Hans Van Dongen na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya watu waliolazwa kwa muda wa saa nne, sita au nane kila usiku kwa siku 14. Wale wa saa nne na wa saa sita walizidi kudorora siku baada ya siku, mpaka wakawa kama watu waliokesha kucha. Walipoulizwa wanajisikiaje, hisia ya usingizi ilipanda siku za mwanzo, kisha ikawa kama imesimama palepale. Yaani umakini unaporomoka na mwenyewe hana habari. Huko ndiko unakokuita kuzoea.

Dawson na Reid, Australia, 1997, walipima pia: mtu aliye macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu. Piga hesabu. Aliyeamka saa nane mchana akaingia zamu, ikifika saa moja asubuhi ametimiza 17 kamili, na ndiyo saa aliyoniomba.

Angani huanzi kwa kusinzia. Mnara unakupa njia ya kurukia ya 17, wewe unarudia 35, yaani njia ileile kutokea upande wa pili. Unahangaika na upepo wa ubavuni, spidi inashuka, jicho halijarudi kwenye kipimo. Nikikunyooshea kidole unajibu "nimeiona", na hukuiona. Kahawa itakufumbua macho, deni la usingizi liko palepale, tena baada ya saa tano hivi karibu nusu ya kafeini ingali mwilini, ndipo ukitaka kulala mchana unagaagaa. Wa muguka, yale majani ya kufukuza usingizi, hata tusijadiliane: anayetafuna haruki na mimi.

Vitabu vinatupa orodha ya kujikagua kabla ya kuruka: ugonjwa, dawa, msongo, pombe, uchovu, chakula. Nzuri, naifundisha. Ila kwenye uchovu naiona kama kumuuliza mlevi kama amelewa. Na hata akijua, nani atakubali amechoka, ilhali mjomba kule Lamu ameuza mashua alipie mafunzo? Msongo huo hauandikwi popote, nao ndio unaomfanya kijana aape kwamba yuko sawa.

Ramadhani ndiyo inayonitatiza zaidi. Tarawehe, daku, kazi, kisha swaumu ndani ya kindege cha Cessna 172 chenye joto la pwani. Wenzangu wengine hawamrushi aliyefunga hata kidogo. Mimi huruka naye alfajiri ikishapambazuka, peke yake simwachii ndege, na hadi leo sina hakika kama namwonea au namdekeza.

Kwa hiyo siku hizi siulizi hali, nauliza saa. Uliamka lini? Jana ulilala kwa saa ngapi, na juzi? Usiku mbili zisipofikisha jumla ya saa kumi na mbili, ndege inabaki chini. Tunafungua ramani, tunapiga hesabu ya safari ya Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, kaskazi ikikupiga usoni, halafu unakwenda kulala. Saa ya ndege hulipi. Ya mwalimu, tutaongea.