Mwamba si mlima: yanayowapotosha wapiga kambi wa Mwanza wanaokimbia joto

Ikifika Septemba, jua likiwaka na mvua za vuli bado hazijaonekana, Mwanza huanza maswali ya tukalale wapi wikiendi hii tupate kaubaridi. Ushauri huwa hauna uhaba. Shida ni kwamba mwingi hautoki kwa mtu aliyewahi kulala kwenye hema.

"Pandeni juu ya mawe, kule kuna baridi."

Hii ndiyo inayopoteza wengi, maana mji wetu ni mawe matupu na kila mtaa una kilima chake. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ziwa Victoria lenyewe liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kilima kikikuinua mita 150 juu ya maji, umepunguza nyuzi moja tu, tena labda usiihisi. Halafu kuna jiwe lenyewe. Graniti hunywa jua mchana kutwa na kulitoa taratibu usiku. Waliojenga kwenye miteremko ya Mabatini na Igogo hawahitaji kuambiwa: saa tatu usiku weka kiganja kwenye mwamba ulio nyuma ya nyumba, utaukuta bado una vuguvugu. Kinachowadanganya watu kule juu ni upepo. Unakausha jasho, raha tupu, lakini upepo ukitulia tu, aliyetandika godoro juu ya jiwe anajikuta amelala juu ya kikaango.

"Ukipanda mlima unakaribia jua, kwa hiyo joto linazidi."

Jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa, mlima haupunguzi kitu. Hewa hupashwa joto zaidi na ardhi iliyo chini yake, na ile inayopanda hutanuka na kupoa. Ila kuungua ngozi ni habari nyingine: mionzi ya jua inayochoma huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000. Unaweza kutetemeka kwa baridi huku pua inababuka.

"Ufukweni usiku ni baridi kuliko bara."

Mchana, ndiyo. Kuanzia saa nne au tano asubuhi nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja kwetu. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na maji, ambayo joto lake halibadiliki sana mwaka mzima, huzuia ufukwe usipoe. Upepo huohuo wa usiku ndio huchangia mvua za radi zinazozaliwa katikati ya ziwa kabla ya alfajiri, jambo ambalo mvuvi yeyote wa dagaa atakueleza vizuri kuniliko. Kwa hiyo kisiwa cha Saanane ni mahali pazuri pa kutazama pimbi na machweo. Kama shida yako ni joto la usiku, umeenda siko.

"Baridi iko Kilimanjaro tu."

Huku kwetu pia ipo, ila uifuate mbali na mji. Ukishika barabara ya Sirari, ukapita Lamadi na Bunda, unafika nyanda za juu za Tarime, nchi ya kahawa na migomba. Upande wa pili, tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, safari ya Geita na kuendelea hadi Kagera haingojei tena kivuko, na vilima vya Karagwe vinapita mita 1,500. Bukoba yenyewe iko ufukweni kama sisi, lakini mawingu na mvua nyingi huifanya iwe na ubaridi kuliko Mwanza. Mwinuko si kila kitu.

Anayetaka baridi ya kweli aende ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kwenye kambi ya Simba, takriban mita 2,300. Kwa hesabu ile ya nyuzi 6 na nusu, hapo ni kama nyuzi 7 na nusu chini ya Mwanza, na ukungu wa asubuhi juu yake. Mwezi Juni au Julai sweta moja halitoshi, na blanketi la juu bila kitu kizito cha kutandika chini ni kazi bure, kwa sababu ardhi ndiyo inayokunyonya joto. Maharage nayo yatawachelewesha: huko maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 92 hivi. Pikeni wali na dagaa.

"Bondeni kuna joto kuliko mlimani."

Si usiku. Hewa baridi ni nzito, huteremka na kutuama chini. Hema lifungwe kwenye mteremko wa katikati.

"Mlimani hakuna mbu."

Hupungua, hawaishi. Muleba, kule Kagera, ni nchi ya vilima na imewahi kukumbwa na mlipuko wa malaria. Beba chandarua.

"Jiko la mkaa likishawaka vizuri halina madhara, liingizeni hemani mpate joto."

Hapa sina utani. Watu hudhani hatari ni moshi, kwa hiyo mkaa ukiwa mwekundu bila moshi wanaona umesafika. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, na mkaa mwekundu huitoa kwa wingi. Inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuja mzito, mtu anadhani ni uchovu wa safari. Kuacha zipu wazi kidogo hakutoshi. Jiko libaki nje, hata mvua ikinyesha. Ukitaka joto, chemsha maji, yatie kwenye chupa imara, ifunge kwa soksi na uiweke miguuni.

"Palipo wazi ni pa kila mtu."

Ndani ya hifadhi hulali nje ya kambi iliyotengwa, na malipo yafanywe kabla ya kufika getini na hema lako. Nje ya hifadhi, kilima kina wenyewe hata kama huoni nyumba. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji, jieleze mko wangapi na mtaondoka lini, naye atakuonyesha pa kulala na pa kuchota maji.