Geuza Nyuma Kwanza, Bei Baadaye

Mwaka wangu wa tatu katika kazi hii nilinunua kofia 24 kwa mkupuo kutoka kwa mchuuzi mmoja mjini Mombasa. Zilikuwa nyeupe pe, zimepangwa vizuri, nami nikalipa bei ya kofia za mkono. Wiki mbili baadaye mteja wangu, mzee aliyevaa kofia tangu utotoni, alirudi dukani, akavua ile niliyomuuzia, akaigeuza ndani nje na kuiweka mezani. Upande wa ndani uzi ulikuwa unaruka kutoka ua hadi ua, na vincha vyake vimekatwa kwa mkasi. Kazi ya mashine.

"Hukuigeuza, mwanangu," aliniambia.

Nilimrudishia pesa zake na nikaziondoa zote zilizobaki. Tangu siku hiyo sinunui kitu cha pwani kabla ya kukitazama nyuma. Ninanunulia duka mikeka, kofia, vikoi, kanga na viungo, kuanzia Lamu hadi Unguja na Pemba, na kila Disemba wageni kutoka bara huniuliza swali lile lile: bei ya haki ni shilingi ngapi? Siwezi kulijibu kabla sijajua mtu ameshika nini mkononi.

Nianze na kofia yenyewe. Ile ya mkono huanza kama vipande viwili vya kitambaa: mviringo wa juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Mmoja huchora maua kwa penseli, mwingine hushona, na mara nyingi ni mtu wa tatu anayeunganisha vipande. Vile vitundu vidogo unavyoviona hutobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi. Ndivyo viua, na ndivyo vinavyopitisha upepo kichwani. Kofia iliyosongamana viua humchukua mshonaji miezi, maana wengi ni kina mama wanaoishika sindano wakishamaliza kazi za nyumbani. Igeuze. Kwenye kazi ya mkono, ndani panafanana sana na nje, isipokuwa utaona fundo dogo hapa na pale pale uzi ulipoishia. Viua havilingani kwa kipimo cha rula. Kwenye kazi ya mashine kila ua ni pacha wa mwenzake, na nyuma kuna uzi wa pili, wa chini, ambao mara nyingi hata rangi yake si ile ya juu. Sina ugomvi na kofia ya mashine, inavaliwa na inapendeza. Ugomvi wangu ni mtu kuuziwa saa moja ya mashine kwa bei ya miezi mitatu ya macho ya mama wa watu.

Mkeka ndio ninaoupenda kuliko vyote, kwa hiyo nivumilie kidogo. Mikeka mizuri ya Pemba husukwa kwa ukindu, majani machanga ya mkindu. Hukatwa, huanikwa juani mpaka yaive weupe, huchanwa nyembamba, kisha yale ya kutiwa rangi huchemshwa sufuriani. Halafu msukaji husuka ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole kadhaa, anauviringisha kama gurudumu kadiri unavyorefuka. Mkeka ni ukili huo ulioshonwa ubavu kwa ubavu.

Niliwahi kukaa alasiri nzima barazani kwa bibi mmoja karibu na Wete nikimtazama akiunganisha. Alikuwa na sindano nene na kamba nyembamba ya jani hilo hilo, na kila baada ya pingili chache alikuwa anapitisha kidole gumba chini ya mshono, bila kutazama. Nilimuuliza anatafuta nini. "Mwanya," alinijibu. Palipolegea alifumua na kurudia, ingawa kwa juu sikuona kasoro yoyote. Nami sasa hufanya vile vile sokoni: naukunjua mkeka wote, naugeuza, napitisha kidole kwenye mishono. Kidole kikizama, mkeka huo utaachana mwaka haujaisha. Kisha nalowesha pembe ya leso na kusugua palipo na rangi nyekundu au zambarau. Rangi iliyochemshwa sawasawa huacha doa hafifu tu. Iliyopakwa juu juu itahamia kwenye nguo za wageni wako siku ya kwanza ya jasho. Na usikubali kununua mkeka uliofungwa kamba. Muuzaji mwema atakufungulia mwenyewe.

Vikoi na kanga watu huvichanganya, na upande wa nyuma ndio unaovitenganisha. Kikoi ni kitambaa cha kufuma: nyuzi hutiwa rangi kabla hazijaingia kwenye kitanda cha mfumi, kwa hiyo mistari yake inang'aa sawa pande zote mbili. Ukikuta "kikoi" ambacho nyuma kimepauka, hicho ni kitambaa kilichopigwa chapa. Kanga ni ya kupigwa chapa kwa asili yake, kwa hiyo nyuma hupungua kidogo, lakini kwenye kanga nzuri jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, husomeka hata ukiishika kinyume. Ugumu wa kanga mpya usikutishe wala kukufurahisha. Ni wanga, na utatoka kwenye maji ya kwanza. Kama una shaka na pamba yenyewe, omba uzi mmoja wa ukingoni uuchome nje ya duka. Pamba huacha jivu laini na harufu ya karatasi. Ukijikunja na kuwa kishanga kigumu, kuna plastiki ndani.

Mombasa, twende Mtaa wa Biashara, ambako kanga zenye chapa ya "Mali ya Abdulla" bado zinatafutwa na kina mama wanaojua. Nunua doti nzima. Kipande kimoja hakina mwenzake wa kujifunga. Na tafadhali soma jina kabla ya rangi. Nimeona kijana akimchukulia mama mkwe kanga nzuri ajabu iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Nilimshika mkono nikampa "Wema hauozi". Kwa Bi harusi, ulizia kisutu, ile nyeusi, nyekundu na nyeupe. Atakayeipokea atajua umeuliza wakubwa.

Kwenye viungo hakuna nyuma ya kugeuza, lakini kuna chini ya kikapu. Hapo ndipo vumbi na makonyo, vile vijiti vya karafuu, hujificha. Karafuu nzuri ina kichwa chake, na ukiibana kwa ukucha hutoa mafuta. Itie kwenye glasi ya maji: yenye mafuta yake huzama au husimama wima, iliyokwisha kukamuliwa hulala juu ya maji. Mdalasini wa Unguja ni maganda membamba yaliyojiviringa moja ndani ya jingine, yanavunjika kwa vidole; ule mnene, mgumu kama gome la mti, ni jamaa yake, na bei yake iwe ya chini. Vanila iwe laini, ijikunje bila kukatika. Lakini ninalosema kwa msisitizo ni zafarani. Zafarani hailimwi Zanzibar. Kile kipakiti cha bei poa unachonyooshewa sokoni Darajani, Unguja, kama zafarani ya shambani, kwa kawaida ni ua la mmea mwingine au ni manjano tu. Chukua badala yake kungumanga nzima ikiwa bado imevaa basibasi yake nyekundu; hiyo hakuna anayeweza kuighushi. Na mtu wa shambani akitaka kukuuzia karafuu kwa gunia, kataa. Kwa sheria ya Zanzibar mkulima huuza karafuu zake kwa shirika la serikali, ZSTC.

Sanamu ya mpingo itazame tako. Huko ndiko fundi husahau kupaka dawa ya viatu, na mti mweupe huonekana. Mpingo wa kweli ni mzito kiasi cha kuzama majini. Mti huu umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, ila bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 kwa mzigo ziliondolewa masharti hayo baadaye, kwa hiyo sanamu yako ya mezani haina matata upande huo.

Vya baharini mimi sinunui, wala siviuzi. Bangili za gamba la ng'amba, yule kasa, haziruhusiwi kuvuka mpaka wowote, na hata zingeruhusiwa nisingezigusa. Makombe makubwa yanayong'aa hayakuokotwa ufukweni. Kombe lililokufa zamani hupauka kwa jua na mchanga. Lile lenye rangi kamili lilitolewa likiwa hai. Lile refu linalopulizwa kama baragumu ni la konokono anayekula viti vya pweza wenye miiba, wale viumbe wa umbo la nyota wanaomaliza matumbawe. Ukimtoa yeye, umewaachia wale.

Kuhusu kupatana bei: salamu kwanza, na si ya haraka. Mzee mpe shikamoo, uliza hali, kaa. Dukani punguza unavyoweza, muuzaji ameshaweka nafasi ya hilo. Kwa msukaji mwenyewe, nyumbani kwake, mimi huuliza mkeka umemchukua siku ngapi kuusuka, nikagawanya bei kwa siku hizo. Mara nyingi nikishagawanya sina tena la kupunguza.

Beba kikapu chako, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya na Tanzania. Na ukifika Ijumaa mchana ukakuta milango imefungwa, usigeuke. Kaa barazani kivulini. Watu wakitoka msikitini atapita muuza kahawa akigonga vikombe, na mwenye duka hatakuwa nyuma sana.