Gosani: jiwe lililopewa jina la damu

Gosani ni sehemu ya juu kabisa ya mwamba wenye madini, ile inayochungulia juu ya ardhi baada ya kuliwa na mvua na hewa kwa miaka mingi mno. Chini yake kuna sulfaidi, yaani chuma, shaba au metali nyingine iliyoungana na salfa. Maji yenye oksijeni yakipenya, salfa hugeuka tindikali, shaba huyeyuka ikashuka, na chuma hubaki juu kama kutu nyekundu au ya kahawia. Livunje jiwe lake utakuta matundu kama sega la nyuki: kuta nyembamba zimesimama pale madini yalipokwisha kuyeyuka.

Jina limetoka kwa wachimbaji wa bati na shaba wa Cornwall, rasi ya kusini-magharibi mwa Uingereza. Kiingereza huliandika gossan, ila asili yake ni Kikornish, lugha ya zamani ya Cornwall: gossen, nalo hurudishwa kwenye goos, damu. Hiyo s ndiyo ushahidi ninaoupenda kuliko wote. Lugha ndugu, Kiwelisi cha Wales na Kibretoni cha kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, huita damu gwaed na gwad; Kikornish ndicho kilichogeuza sauti ya mwisho ikawa s. Baba kwa Kiwelisi ni tad, kwa Kikornish tas. Msitu kwa Kiwelisi ni coed, kwa Kikornish ni coos. Mzizi wa gosani, basi, una chapa ya Cornwall penyewe.

Dolly Pentreath, anayetajwa mara nyingi kuwa wa mwisho kukua na Kikornish kinywani, alifariki 1777. Neno halikuzikwa naye, kwa kuwa migodini lilikuwa na kazi: aliyeona gosani alijua pa kuchimba. Karne ya 19 Wakornwall walihamia migodi ya Australia, Meksiko na Marekani, na wanajiolojia wa dunia nzima wakalirithi.

Gosani huonyesha kuna kitu, haisemi ni kitu gani. Broken Hill, Australia, mwaka 1883, Charles Rasp, mfanyakazi wa shamba la kondoo, alidhani kilima cheusi alichokiwekea mipaka ili akichimbe kina bati. Kumbe chini palikuwa na risasi, fedha na zinki. Ndiyo maana vipande hupelekwa maabara kutafutwa masalio ya metali hizo, kwani hata moramu ya barabarani ni nyekundu vilevile, na chini yake hapana sulfaidi yoyote.