Kifaa maalumu cha DNS: mstari mmoja wa zabuni, kazi mbili tofauti

Katika nyaraka za zabuni zinazopita mikononi mwa mafundi wa mitandao hapa Arusha, na kule Moshi vilevile, kuna mstari unaojirudia kana kwamba kila ofisi imeunakili kutoka kwa jirani yake: "Seva maalumu ya DNS, moja, yenye uwezo mkubwa." Aliyeuandika anaamini amekwisha kutaja anachokihitaji. Mzabuni naye anajibu kwa kuleta boksi lolote lenye jina hilo kwenye katalogi yake, na kamati ya tathmini inabaki kulinganisha bei, kwa kuwa mstari wenyewe haukuipa kitu kingine cha kulinganisha.

DNS, kwa ufupi, ni mfumo wa kupata anwani ya namba kutokana na jina linaloandikwa kwenye kivinjari au kwenye barua pepe. Paul Mockapetris aliubuni mwaka 1983, na maelezo yake ya msingi yanayotumika hadi leo, RFC 1034 na RFC 1035 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti), yalitolewa mwaka 1987. Kifaa maalumu cha DNS ni kompyuta inayouzwa ikiwa na programu ya kazi hiyo tayari ndani yake, pamoja na ukurasa wa usimamizi, leseni na mkataba wa matengenezo. Infoblox, BlueCat na EfficientIP ni miongoni mwa watengenezaji wanaojulikana, na mara nyingi boksi hilohilo huzigawia kompyuta anwani kwa mfumo wa DHCP na kutunza orodha ya anwani zote za ofisi. Upande huo hauna utata.

Utata umo katika neno "seva ya DNS", kwa sababu linabeba kazi mbili ambazo RFC 1034 yenyewe ilizitenganisha tangu mwanzo. Kazi ya kwanza ni ya seva ya mamlaka: inatunza rekodi za majina yako mwenyewe, tuseme tovuti na barua pepe za chuo, na inamjibu mtu yeyote duniani anayeuliza kuhusu majina hayo. Haiendi kutafuta chochote. Ama jibu inalo, ama jina hilo haliihusu. Kazi ya pili ni ya rizolva: inawahudumia watu wa ndani ya ofisi, inapokea swali lao kuhusu jina lolote lile, inaanzia kwenye seva za mzizi, zilizo kileleni mwa mfumo wote wa majina, inashuka hadi .tz au .com, inafika kwa seva ya mamlaka inayohusika, kisha inalihifadhi jibu kwa muda uliopangwa na mwenye jina. Rizolva haina mamlaka juu ya jina lolote. Inachokijua chote imekisikia kwa wengine.

Anayetaka kuona tofauti hii kwa macho asome mstari wa alama katika jibu la dig, amri ya kompyuta ya kuiuliza seva ya DNS swali moja kwa moja. Ukiiuliza seva ya mamlaka kuhusu jina lake, mstari huo utakuwa na "aa", maana yake jibu limetoka kwa mwenye rekodi. Ukiiuliza rizolva ya ofisini swali lilelile, kwa kawaida "aa" haitakuwepo na badala yake utaikuta "ra", yaani seva hii iko tayari kutafuta kwa niaba yako. Kwa kusoma herufi hizo mbili, fundi anajua amesimama mbele ya kazi ipi.

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipopotea kwa takriban saa sita, miongoni mwa vilivyotoweka mtandaoni zilikuwemo njia za kuzifikia seva za mamlaka za kampuni hiyo. Rizolva za dunia nzima zilikuwa nzima kabisa, zikiuliza bila kujibiwa, na kubadilisha rizolva kwenye simu hakukumsaidia mtu. Tarehe 12 Mei 2024 hali ilikuwa nyingine: mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu na intaneti ya Tanzania ikayumba vibaya. Siku ya namna hiyo, ofisi yenye rizolva yake ndani, inayojua pia majina ya seva zake za ndani, inaendelea kufungua mfumo wa uhasibu na kuchapisha kama kawaida, wakati ofisi iliyoelekeza kila kompyuta kwa 8.8.8.8, rizolva ya umma ya Google, inaweza kukwama hata kuifikia printa iliyo chumba cha pili, ikiwa inaitwa kwa jina.

Ndiyo maana kipimo cha kazi moja hakifai kwa nyingine. Wauzaji hupenda kutaja idadi ya maombi kwa sekunde, na kamati hupenda namba kubwa, lakini kwa rizolva namba hiyo huwa kubwa pale majibu yanapokuwa tayari kwenye hifadhi yake; swali jipya linalopaswa kwenda hadi seva iliyoko Ulaya na kurudi Arusha hutumia zaidi ya milisekunde mia moja, hata boksi liwe la bei gani. Hata zana za kupimia zimegawanyika: dnsperf ilikusudiwa zaidi kwa seva za mamlaka, na resperf kwa rizolva. Isitoshe, ofisi ya watu mia tatu haifikishi maombi elfu kumi kwa sekunde hata siku yenye pilika kuliko zote, ilhali kompyuta ya kawaida yenye Unbound, programu isiyolipiwa ya NLnet Labs, inaweza kuhimili kiasi hicho kutoka kwenye hifadhi yake. Sisemi vifaa maalumu havina thamani. Kwa ofisi yenye matawi mengi na fundi mmoja, ukurasa mzuri wa usimamizi na masasisho yanayokuja kwa wakati ni vitu vya kulipia, na ni hivyo vinavyostahili alama nyingi katika tathmini.

Usalama nao unafuata mgawanyo huohuo. Ndani ya vifaa vingi imo BIND, programu ya DNS inayotunzwa na shirika la ISC, kwa hiyo ufa wa usalama wa BIND ni ufa wa boksi, na leseni ikiisha mwenye boksi anaweza kubaki nao. Ufa uliotangazwa mwaka 2015 kwa namba CVE-2015-5477 uliweza kuiangusha BIND kwa pakiti moja, iwe ya mamlaka au rizolva. KeyTrap, uliotangazwa Februari 2024, ulizihusu peke yake rizolva zinazohakiki saini za DNSSEC, yaani saini zinazothibitisha kwamba jibu la DNS halijaghushiwa. Tena rizolva iliyoachwa wazi kwa dunia nzima hugeuka silaha ya kuwashambulia wengine, kama ilivyotokea Machi 2013 katika shambulio dhidi ya Spamhaus, shirika linalopambana na barua taka, wakati seva ya mamlaka haina budi kuwa wazi ili iweze kufanya kazi yake. Kuziweka zote mbili kwenye boksi moja kunamlazimu fundi kufungua na kufunga mlango uleule.

Kuna pia hilo neno "moja". RFC 2182 ya mwaka 1997 inashauri seva za mamlaka za jina moja zitawanywe kijiografia na kimtandao. Mbili zilizopangwa kwenye raki moja mjini Moshi, zikitegemea UPS moja na mtoa huduma mmoja, zitazimika kwa pamoja umeme unapokatika, na mteja wa Ujerumani anayetuma barua pepe ya kuulizia safari ya Kilimanjaro hatapata hata anwani ya kuipeleka.

Kwa heshima zote, basi, mstari ule ungesomeka vizuri zaidi hivi: "Rizolva mbili kwa matumizi ya ndani, zinazohakiki DNSSEC, zinazojibu anwani za ofisi pekee, pamoja na masasisho ya usalama kwa miaka mitatu." Majina ya nje yawe na mstari wake, wenye seva za mamlaka zisizopungua mbili katika maeneo tofauti. Katika ofisi nyingi za huku huo wa pili hauhitaji kununuliwa boksi lolote, kwa kuwa kampuni iliyowasajilia jina kwa kawaida imekwisha kuwapa huduma hiyo. Kinachotakiwa ni kuiuliza seva zake ziko wapi.