Dermatoporosi: ngozi ya uzeeni inapochoka kazi

Mzee amepita mlangoni, mkono umegusa kitasa tu. Hakuumia, hata hakusimama. Jioni watu wanaona doa la rangi ya zambarau kwenye kigasha chake, pana kama kiganja cha mtoto, na swali la kwanza ni: umeanguka wapi? La pili, ambalo watu huliuliza kwa macho zaidi kuliko kwa mdomo, ni: nani amempiga? Mara nyingi hakuanguka na hakupigwa. Ngozi yake imekuwa nyembamba mno, kiasi kwamba mguso ambao kijana asingeusikia unatosha kupasua vijishipa vya damu vilivyo ndani yake.

Hali hiyo inaitwa dermatoporosi. Jina hilo lilipendekezwa mwaka 2007 na madaktari wawili wa ngozi wa Geneva, Gürkan Kaya na Jean-Hilaire Saurat. Derma ni ngozi kwa Kigiriki, na mwisho wa neno waliuchukua kwa makusudi kutoka osteoporosi, ugonjwa wa mifupa kupoteza uimara na kuvunjika kirahisi. Kabla ya hapo ngozi ya uzeeni ilizungumzwa zaidi kama jambo la sura: mikunjo, madoa, vipodozi. Wao walitaka ieleweke kwamba ngozi ni kiungo, na kiungo kinaweza kushindwa kazi. Naona walikuwa na haki. Ukimwambia mtu “ni uzee tu”, hatatafuta kinga wala matibabu. Ukimwambia ana hali yenye jina, anauliza afanye nini.

Ngozi ina tabaka la nje, epidermisi, ambalo sehemu nyingi za mwili halizidi unene wa karatasi: takriban milimita 0.1. Chini yake kuna dermisi, na hapo ndipo penye nguvu. Dermisi ni kama mkeka uliosukwa kwa nyuzi za kolajeni, zinazoipa uimara, na za elastini, zinazoifanya ivutike na kurudi. Ndani ya mkeka huo ndimo mnamopita vijishipa vya damu. Chini kabisa kuna mafuta, godoro la mwili.

Umri unavigusa vyote hivyo. Kolajeni hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka wa utu uzima, na kwa wanawake hupungua kwa kasi zaidi katika miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma. Godoro la mafuta hupungua kwenye mikono na miguu. Vijishipa hubaki bila nyuzi za kuvishikilia, kama waya uliotolewa kwenye ukuta ukaachwa unaning'inia.

Lakini badiliko ambalo wengi hawalijui liko kwenye mpaka wa epidermisi na dermisi. Katika ujana mpaka huo una mawimbi: vilima vya upande mmoja huingia kwenye mabonde ya upande wa pili, kama vidole vya mikono miwili vilivyofumbatana. Jaribu kuitenganisha mikono hiyo kwa kuisukuma pembeni, haiachani. Uzeeni mawimbi hayo hulala. Sasa ni kama viganja viwili vilivyowekwa juu ya kimoja na kingine, na vikisukumwa pembeni vinateleza. Ndiyo maana ngozi ya mzee huchanika kwa kuvutwa au kusuguliwa hata pale ambapo hakuna kitu chenye ncha.

Kama ni umri peke yake, mwili wote ungekuwa sawa. Linganisha nje ya kigasha na ndani ya mkono karibu na kwapa. Ni mwili mmoja wenye miaka ile ile, lakini ngozi ya ndani huwa nzito na laini zaidi. Tofauti imeletwa na jua. Mionzi yake hufika hadi kwenye dermisi na kuzivunja nyuzi, na sehemu yake hupenya hata kioo cha dirisha. Ngozi nyeusi ina kinga kubwa zaidi kwa sababu ya melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, lakini kinga hiyo si kamili, na kupungua kwa kolajeni kwa umri hakuchagui rangi.

Msababishaji wa tatu ni dawa za jamii ya steroidi, zinazotuliza uvimbe mwilini. Vidonge vyake vikitumiwa kwa muda mrefu, kwa mfano kwa baridi yabisi au magonjwa ya mapafu, huikondesha ngozi waziwazi. Krimu zake zenye nguvu hufanya vivyo hivyo pale zinapopakwa. Na hapa niseme wazi: krimu nyingi za kujichubua zina steroidi hizo hizo, mara nyingine bila kuandikwa kwenye kopo. Mtu anaweza kufika miaka 40 akiwa na ngozi ya mtu wa 80.

Yale madoa ya zambarau yalielezwa kitabibu na daktari Mwingereza Thomas Bateman mwaka 1818, na hadi leo huitwa papura ya Bateman. Si jeraha la kawaida. Damu iliyovilia kwa kijana hubadilika rangi, ikawa kijani, kisha njano, kwa kuwa mwili unaisafisha haraka. Kwa mzee usafishaji ni wa polepole, doa hubaki zambarau au jekundu iliyokolea kwa wiki moja hadi tatu, kisha huacha kivuli cha kahawia kisichotoka kirahisi. Kwenye ngozi nyeusi linaonekana tu kama sehemu iliyozidi weusi, kwa hiyo inabidi litazamwe kwenye mwanga mzuri. Haliumi, na lenyewe halina hatari.

Wanaotumia aspirini, warfarini au dawa nyingine za kuzuia damu isigande hupata madoa haya zaidi. Wengine huamua kuziacha wenyewe. Hilo ni kosa: doa la mkononi huisha, kiharusi hakina huruma hiyo. Zungumza na daktari aliyekuandikia. Vilevile, kujua kwamba wazee huvilia damu kirahisi kusiwe kisingizio cha kufumba macho. Papura ya uzee hupenda migongo ya mikono, vigasha na miguu. Alama shingoni, usoni, mgongoni, au zenye umbo la vidole ni habari nyingine, na zinahitaji kuulizwa.

Linalosumbua zaidi kwa kweli ni michaniko. Ngozi inapasuka na kujikunja kama ganda la kitunguu, na mikono ya haraka hukimbilia plasta. Plasta ya kunata ndiyo adui mkubwa: siku ya kuibandua inaondoka na ngozi nyingine, na kidonda kinakuwa viwili. Bonyeza taratibu kwa kitambaa safi huku mkono au mguu umeinuliwa, hadi damu ikatike. Suuza kwa maji safi yaliyo salama kunywa. Spiriti na dawa kali za kuua vijidudu huunguza nyama inayojaribu kupona. Kile kipande kilichojikunja usikikate. Hakuna bandeji itakayokipita. Kilowanishe, kisha kirudishe polepole mahali pake kwa kijiti cha pamba kilichoshika maji, bila kukivuta kifike kwa nguvu.

Juu yake weka kifuniko kisichonata kidondani, cha silikoni kikipatikana, au chachi iliyolowa jeli ya petroli, kisha zungushia bandeji ya kawaida bila kukaza. Wauguzi wa vidonda wana mbinu ndogo ninayoipenda: huchora mshale juu ya bandeji kuonyesha kipande kimelala upande gani, ili atakayeifungua aivute kwa kufuata mshale na asikiamshe tena. Iache siku kadhaa. Kufunguafungua kila asubuhi “kuona inaendeleaje” huchelewesha kupona.

Aonwe na mtaalamu kama damu haikatiki baada ya kubonyezwa dakika 15, kama kipande kimepotea au kimegeuka cheusi, kama mahali panavimba, pana joto au panatoa usaha, na kama chanjo ya pepopunda haikumbukwi ilikuwa lini. Mchaniko wa ugokoni kwa mwenye kisukari au miguu iliyovimba usisubiri dalili zozote.

Kuhusu kinga, jambo lenye ushahidi ni dogo na rahisi kuliko watu wanavyotarajia: mafuta ya kulainisha ngozi, mara 2 kwa siku, mikono na miguu. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa kwenye makao ya wazee, ulikuta kwamba waliopakwa hivyo walipata michaniko pungufu kwa karibu nusu. Chagua mazito yasiyo na manukato, na yapakwe kufuata mwelekeo wa vinyweleo. Kuoga kwa maji ya vuguvugu, sabuni isiyokausha, kujikausha kwa kugusagusa badala ya kusugua. Mikono mirefu na soksi ndefu. Kucha fupi, za mzee na za anayemhudumia, na pete zivuliwe. Anapoinuliwa, ashikwe kwa viganja vilivyofunguka au kwa shuka chini yake, kamwe asivutwe kwa kushikwa kigasha. Krimu za kolajeni ziache dukani. Molekuli za kolajeni ni kubwa mno kupenya ngozi. Krimu za retinoidi, dawa za jamii ya vitamini A, zina msingi zaidi, lakini huweza kuwasha ngozi kavu, hivyo zianzwe kwa ushauri wa daktari.

Kuna aina moja ya kuvilia isiyofanana na hayo yote. Mzee anagonga ugoko, ngozi haipasuki, lakini ndani ya saa chache mguu unavimba, unauma, unakuwa mgumu na wenye joto. Mara nyingi hudhaniwa ni maambukizi na kupewa antibiotiki, kumbe ni damu iliyojikusanya chini ya dermisi na inaibandua ngozi kutoka ndani, ikiinyima damu yake. Ikicheleweshwa, eneo zima hufa na kuwa jeusi. Damu hiyo inahitaji kutolewa na daktari wa upasuaji, na mguu wa namna hiyo haulali nyumbani hadi asubuhi.