Je, wajua kwa nini mali kauli huandikwa siku mzigo unapotoka, si siku pesa inapoingia?

Pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, gunia la dagaa kutoka visiwani linaweza kupita mikono miwili mitatu kabla shilingi haijatoka mfukoni mwa mtu. Mwenye mzigo anamwachia mchuuzi anayemwamini, mchuuzi naye anampelekea mwenye duka anayemwamini, na wote wanasubiri. Hiyo ndiyo mali kauli: chukua mzigo, utanilipa ukishauza. Sasa, katika daftari, huyu mchuuzi wa katikati ameuza lini? Siku gunia lilipopakiwa, au siku alipolipwa?

Wahasibu wana jibu moja: siku mzigo ulipotoka. Mali ikishakuwa ya mnunuzi, na wewe ukawa na haki ya kumdai, mauzo yamekamilika. Pesa kuingia ni tukio jingine kabisa, lina tarehe yake na mstari wake.

Sababu inaonekana vizuri kwenye tarakimu. Tuseme tarehe 3 mchuuzi amechukua kwa mali kauli magunia 10, kila moja shilingi 90,000. Anadaiwa 900,000, alipe baada ya siku 14. Tarehe 5 anampelekea mwenye duka wa Igoma magunia 6 kwa 110,000 kila moja, jumla 660,000, malipo mwisho wa mwezi. Siku hiyohiyo anauza magunia 2 taslimu, anapata 220,000.

Kama daftari lake linaandika pesa tu, jioni ya tarehe 5 litasema: imeingia 220,000, haijatoka hata senti. Atajiona ana 220,000 za kutumia. Ada ya shule italipwa hapo, na bati la nyumba litanunuliwa hapo. Daftari lililoandika mali kauli lingemweleza habari nyingine: ameuza magunia 8 kwa 880,000, yalimgharimu 720,000, kwa hiyo faida kabla ya kutoa nauli na ushuru ni 160,000. Na ukikagua alichonacho, hesabu inakubali. Ana taslimu 220,000, anamdai mtu wa Igoma 660,000, na ghalani yamebaki magunia 2 ya thamani ya 180,000. Jumla 1,060,000. Ondoa deni la 900,000, inabaki 160,000 ileile.

Lakini tazama pia tarehe. Deni lake linaiva tarehe 17, na mwenye duka hatalipa mpaka mwisho wa mwezi. Faida ipo, ila droo ina 220,000 tu. Jambo hili linaonekana tarehe 5, siku 12 kabla ya mwenye mzigo kupiga simu, na ndiyo maana nasisitiza kuandika siku ileile. Bado ana nafasi ya kuuza yale magunia 2 taslimu, au kuomba aongezewe muda mapema kwa heshima.

Namna ya kuandika si ngumu. Manunuzi ya mkopo yanaingia kwanza kwenye daftari la manunuzi na mauzo ya mkopo kwenye daftari la mauzo, kwa tarehe, jina, namba ya ankara na kiasi. Kauntabuku ya kawaida inatosha. Kutoka hapo kila jina linapelekwa kwenye leja, ambako kila mtu ana ukurasa wake. Madaftari ya kwanza yanajibu “siku ile nilifanya nini”, leja inajibu “huyu nimdai kiasi gani”. Mtu mwenye orodha ya tarehe peke yake atapekua kurasa nzima kila mteja anapouliza deni lake limefikia wapi.

Kwenye leja kila jambo linaandikwa mara mbili. Anayepokea anaandikiwa debiti, upande wa kushoto. Anayetoa anaandikiwa krediti, upande wa kulia. Magunia 6 yakienda Igoma, akaunti ya mwenye duka inapata debiti ya 660,000 na akaunti ya mauzo krediti ya 660,000. Kwa ule mzigo wa kwanza, manunuzi debiti 900,000, mwenye mzigo krediti 900,000. Mtindo huu ni wa zamani. Mtawa wa Italia, Luca Pacioli, aliuchapisha kitabuni mwaka 1494 huko Venice, na hata yeye hakuubuni. Alieleza waliyokuwa wakifanya wafanyabiashara wa mji ule.

Kosa ninaloliona la hatari kuliko yote linakuja siku ya malipo. Mwenye duka anatuma 400,000 kwa simu, ujumbe unaingia, na mchuuzi kwa furaha anaandika “mauzo 400,000”. Mauzo yale yalishaandikwa tarehe 5! Sasa daftari linaonyesha ameuza 1,280,000 badala ya 880,000, na mwenye duka bado anasomeka anadaiwa 660,000 nzima. Ugomvi wa mteja na muuzaji unaanzia hapo. Kilichotakiwa ni pesa debiti 400,000, mwenye duka krediti 400,000, basi. Deni linashuka hadi 260,000 na mauzo hayaguswi.

Mzigo ukirudi, usifute mauzo. Gunia moja likionekana lililowa na dagaa wameota ukungu, linaandikwa kama marejesho ya mauzo, debiti 110,000, na mwenye duka krediti 110,000. Deni lake linabaki 150,000, na kila mmoja anaona limefikaje hapo. Ukifuta, ushahidi umepotea.

Na mizani mpya uliyochukua kwa mkopo? Hiyo haiingii kwenye daftari la manunuzi, maana daftari hilo ni la bidhaa za kuuza tena. Mizani ni kifaa cha kazi. Inaandikwa kwenye jarida la jumla, yaani daftari la mambo yasiyo na daftari lake, kisha leja inapata vifaa debiti, aliyekukopesha krediti. Ukiichanganya na dagaa, faida ya mwezi itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Kuna wanaosema: je, yule wa Igoma akifunga duka na kutoweka, si nitakuwa nimeandika mauzo hewa? Hapana. Mzigo ulitoka kweli, uliuzwa kweli. Ukishakata tamaa, zile 150,000 zinahamishiwa kwenye akaunti ya madeni mabovu, debiti, na akaunti yake inafungwa kwa krediti. Hasara inahesabiwa kama gharama ya kipindi hicho, na ukurasa wenye jina lake unabaki kwenye leja, kwa ajili ya siku atakaporudi Mwaloni kuomba mzigo mwingine.